Somo: Kutembea kutwa kutoka Sipi hadi Kapchorwa kwa vijia vya juu

Watu wakiniomba tutembee wote milimani, swali la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Kwa lami, kutoka Sipi hadi mji wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, ni kama kilomita 15, na boda-boda itakufikisha kabla chai haijapoa. Kwa vijia vinavyoambaa ubavu wa Mlima Elgon, kijiji hadi kijiji, ni safari ya kutwa, na kinachoamua utafika katika hali gani ni upepo. Kwa hiyo somo hili linaanzia hapo.

Asubuhi mlima umetulia. Jua likishapasha miteremko, hewa ya huko inapanda, na hewa ya tambarare za chini inakuja kushika nafasi yake. Kuanzia saa 5 utasikia mikalitusi ikianza kuvuma. Ikifika saa 8, migongo ya vilima isiyo na miti inapigwa vikali, na mara nyingi nyuma ya upepo kuna wingu la mvua. Basi kumbuka hili: mgongo wa kilima asubuhi, bonde na migomba alasiri.

Hatua ya 1: Hesabu saa

Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kipimo mwaka 1892 ambacho mimi bado nakitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme mizunguko yako inafika kilomita 20, na ukijumlisha vilima vyote unapanda mita 900. Hizo ni saa nne, na saa moja na nusu juu yake. Mimi huongeza saa mbili nyingine za matope, mapumziko na salamu. Salamu zina muda wake kweli: huwezi kumpita mzee aliyekaa mlangoni kwake kama unapita mti. Ukiondoka saa 12 na nusu asubuhi, utamaliza karibu saa 8, upepo ukiwa ndio kwanza unakolea.

Hatua ya 2: Miguu

Kata kucha siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Udongo wa Elgon ni wa volkano, na ukilowa unateleza kama sabuni, kwa hiyo raba zilizolika soli ziache nyumbani. Gambuti zinafaa shambani, lakini kwa kutwa nzima zinachubua kisigino. Kabla ya kila mteremko mrefu, kaa chini, gonga kisigino kwenye ardhi mguu urudi nyuma ndani ya kiatu, kisha kaza kamba pale kwenye kifundo. Vidole visipogonga mbele, kucha zitabaki salama. Ukisikia mahali panawaka, simama hapo hapo uweke plasta. Lengelenge halisubiri kijiji kinachofuata.

Hatua ya 3: Nguo na maji

Sipi iko karibu mita 1,775 juu ya usawa wa bahari, na vijia vya Kapkwai vinapita mita 2,000. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na upepo unakupunguzia zaidi. Beba koti jepesi lisilopitisha upepo, na sweta iliyofungwa ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) ibaki kavu. Mwavuli haufai huko juu.

Upepo hukausha jasho kabla hujaliona, ukadhani huna kiu. Kunywa kwa saa: mafundo kadhaa kila nusu saa. Lita mbili na nusu ndizo ninazobeba mimi. Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu, yachemshe au uyatie dawa, kwa sababu juu yake kuna ng'ombe na nyumba.

Hatua ya 4: Njia yenyewe

Anzia Sipi, mto unapoanguka mara tatu. Maporomoko ya chini yana karibu mita 100. Panda kuelekea Kapkwai, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Kuingia ndani kunataka malipo na askari wa hifadhi, na sisi tunabaki nje, upande wa mashamba. Kisha shika mashariki, kahawa na migomba pande zote, tambarare za Karamoja zikiwa mkono wako wa kushoto. Kukiwa hakuna ukungu utauona Mlima Kadam. Njia zikigawanyika, uliza. Usikate katikati ya shamba la mtu.

Hatua ya 5: Mtu akishikwa na baridi

Mwaka mmoja tulichelewa kutoka, na saa 9 ilitukuta juu, nguo zimelowa. Mwenzetu alikuwa anatetemeka na kusema hajambo. Nilipomwambia afunge koti, vidole vyake vilikuwa vinakipapasa kifungo bila kukiingiza tunduni. Hapo ndipo nilipoogopa. Mama mmoja aliyekuwa akiswaga punda mwenye magunia ya mahindi alituita tushuke kwake. Alimweka punda nyuma ya ghala, akamweka mwenzetu karibu na moto, akamvua shati lililolowa, akamfunika shuka kavu, ndipo akampa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Fuata utaratibu huo huo: toka kwenye upepo, vua kilicholowa, funika, kisha kitu cha moto na kitamu. Pombe usimpe.

Maswali ya wanachama

*Dada kutoka Mbale: Naweza kwenda peke yangu?*

Usiende peke yako, dada, na hata mwanamume ningemwambia hivyo. Mtandao wa simu unakatika mabondeni. Mchukue kijana wa Sipi anayeijua njia, mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Mkiwa kundi kubwa, mpeni taarifa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji.

*Mzee kutoka Tororo: Nina miaka 62 na magoti yananiuma wakati wa kushuka.*

Shikamoo mzee. Tembea na fimbo mbili, hatua fupi, na mteremko mkali ushuke kwa kupinda kushoto na kulia. Goti likianza kuvimba, shuka hadi lami upande boda-boda. Njia itakuwepo mwaka ujao.

*Mwezi wa Nne je? Ndio likizo yangu.*

Huo ni mwezi wa mvua, ningekusihi usubiri Desemba hadi Februari. Maporomoko ya udongo yaliua watu wengi Bududa, kwenye mlima huu huu, mwezi Machi 2010, na Bulambuli, jirani kabisa na Sipi, Novemba 2024. Kama mvua imenyesha siku kadhaa mfululizo, ahirisha. Ukiwa tayari njiani ukaona nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi iliyochafuka ghafla, toka chini ya mteremko huo kwa kwenda pembeni, na uwaambie wenye nyumba zilizo chini.

*Radi ikianza tukiwa mgongoni mwa kilima?*

Shukeni mara moja, bila kukimbia. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na mwachiane nafasi kati yenu. Nyumba imara ndiyo kimbilio. Kibanda cha nyasi hakizuii radi.

*Kiswahili kinatosha huko?*

Wenyeji ni Wasabiny na lugha yao ni Kupsabiny, ndugu wa lugha za Kikalenjin za Kenya. Kwa sababu ya biashara ya Suam, mpakani na Kenya, utapata wengi wanaojua Kiswahili, hasa sokoni. Wazee wengine watahitaji yule kijana wako awatafsirie, kwa hiyo mpe nafasi asalimie kwanza.

*Kahawa iliyoanikwa kwenye njia tunapitaje?*

Zunguka turubai, hata kama ni kupitia kwenye matope. Hiyo ndiyo karo ya watoto wa nyumba ile.