Kuandika Wasia Nchini Kenya na Kuiachia Sanaa Sehemu ya Mali Yako

Anayetaka sehemu ya mali yake iende kwa kituo cha sanaa baada ya kifo chake hana budi kuandika wasia. Asipouandika, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, itaigawa mali yote kwa mwenzi, watoto na jamaa, na kituo hakitapata hata shilingi moja, ijapokuwa marehemu alikitaja kila alipoketi na wanawe. Wasia wa mdomo unatambuliwa, lakini sharti utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka afariki ndani ya miezi mitatu. Zawadi ya aina hii haifai kutegemea sharti hilo.

Anza na wanaokutegemea. Kifungu cha 26 kinaipa mahakama uwezo wa kumtengea mtegemezi fungu katika mali ya marehemu ikiwa wasia haukumtosheleza, na zawadi kubwa kwa taasisi ndiyo itakayopunguzwa kwanza machoni pa familia iliyoshtukizwa. Kwa hiyo waambie watu wako mapema unachokusudia na kwa nini, kisha wapangie mafungu yao kabla hujafika kwenye sanaa.

Orodhesha mali uliyo nayo, ukikumbuka kwamba si yote hupita katika wasia. Nyumba mnayoimiliki kwa pamoja kwa namna ya aliyebaki kurithi yote humwendea mwenzako moja kwa moja, na akiba ya ushirika uliyokwisha kuiandikia mtu wa kuipokea humfikia mtu huyo.

Msanii ana mali nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni hakimiliki. Nchini Kenya hakimiliki ya kazi ya fasihi, muziki au uchoraji hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na inaweza kurithishwa kwa wasia. Kumiliki mchoro na kumiliki haki ya kuuchapa ni mambo mawili: anayekiachia kituo michoro yake bila kutaja hakimiliki anaacha mlango wa mzozo, na kituo kitakapotaka kuchapa mchoro huo katika kitabu huenda kikabishana na warithi, ambao pengine wametawanyika. Andika waziwazi kila kimoja kinakwenda kwa nani. Fanya vivyo hivyo kwa kanda, daftari za mashairi, barua na picha, maana hivi ndivyo hutupwa kwanza nyumba inapohamwa.

Kabla ya kuachia vitu, iulize taasisi kama inaweza kuvitunza. Aliyewahi kuona mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, katika Kumbukumbu za Taifa jijini Nairobi, anajua jinsi vitu alivyokusanya mtu mmoja vinavyoweza kuufundisha umma. Lakini sanaa huharibika. Kituo cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965, kilipatwa na moto mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. Ndiyo sababu nashauri, kwa mkazo, kwamba anayeachia sanamu au michoro aambatanishe na fedha za kuvihifadhi, hata zikiwa kidogo.

Kosa linalovuruga zawadi nyingi ni jina. Taasisi hujulikana mtaani kwa jina moja na kusajiliwa kwa jingine, iwe kampuni isiyogawa faida, amana (mali inayosimamiwa na wadhamini) au shirika la manufaa ya umma chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024. Omba nakala ya cheti cha usajili na unakili jina herufi kwa herufi. Kifungu cha zawadi kinaweza kusomeka hivi:

"Naipa (jina lililosajiliwa, nambari ya usajili na anwani) asilimia kumi ya masalio ya mali yangu, baada ya madeni, gharama za mazishi na kodi kulipwa, kwa ajili ya mafunzo ya muziki kwa vijana. Ikiwa taasisi hiyo haipo wakati wa kifo changu, msimamizi wa wasia wangu aipe sehemu hiyo taasisi nyingine ya Kenya yenye madhumuni yanayokaribiana nayo. Stakabadhi iliyotiwa sahihi na mweka hazina wa taasisi itamtosha msimamizi."

Nimeandika asilimia kwa makusudi, kwa kuwa shilingi hupungua thamani na kiasi kilichoonekana kikubwa leo kinaweza kushindwa kununua ala moja baada ya miaka ishirini. Madhumuni nayo yasibane mno: "mafunzo ya muziki" yataishi muda mrefu kuliko "darasa la nyatiti la Jumamosi".

Mwenye wasia awe mtu mzima mwenye akili timamu. Atie sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao mbele yake. Shahidi asiwe mtu anayepata chochote katika wasia, wala mwenzi wake, kwa sababu zawadi yake itabatilika isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili wasiohusika; wafanyakazi wa kituo unachokipa ni afadhali pia wasishuhudie. Wakili si sharti, lakini penye ardhi au hakimiliki gharama yake ni ndogo kuliko kesi.

Kwa Mwislamu, mgawanyo hufuata sheria ya Kiislamu: wasia hauzidi thuluthi ya mali, wala haumpi mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Zawadi kwa taasisi huingia katika thuluthi hiyo. Anayetaka kutoa zaidi, mathalani nyumba ya kuhifadhia hati za tenzi za wazee wake Lamu, aangalie wakfu anapokuwa hai na mwenye afya, kwa ushauri wa kadhi.

Weka hati halisi mahali msimamizi anapopajua, na uipe taasisi nakala ya kifungu kinachoihusu. Ukioa au ukiolewa baadaye, wasia huo hubatilika isipokuwa uliandikwa kwa kuikusudia ndoa hiyo hasa, kwa hiyo uandike mwingine mara moja, na zawadi ya sanaa uirudie humo neno kwa neno.