Jinsi ya kutafuta hitilafu za umeme na injini kwa skana

Magari mengi yanayoingia katika gereji za Nakuru na Kisumu yalitumika Japani kwanza, na karibu yote yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva, ambapo skana, kifaa cha kusoma hitilafu zilizoandikwa na kompyuta ya gari, huchomekwa. Marekani ililazimisha tundu hilo na lugha yake ya mawasiliano kwa magari mapya tangu mwaka wa 1996, ilhali Japani ilikuwa na utaratibu wake, na ndiyo sababu skana ya bei ndogo inaweza kushindwa kuwasiliana na gari la Kijapani ingawa tundu ni la umbo lile lile. Skana ikikataa kuwaka kabisa, usikimbilie kusema kwamba kompyuta ya gari imekufa. Pima kwa multimita, yaani kipimo cha umeme: pini ya 16 inapaswa kuwa na umeme wa betri wakati wote, na pini ya 4 na ya 5 ziwe ardhi, yaani zimeungana na upande hasi wa betri. Mara nyingi utakuta ni fyuzi tu iliyoungua.

Betri ndiyo ya kwanza kupimwa, hata kama mwenye gari amekuja na malalamiko mengine. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikinguruma, oltaneta, yaani jenereta ya gari, iipandishe hadi kati ya 13.5 na 14.5. Volti zikishuka chini ya 9.6 wakati wa kustati, betri ni dhaifu au nyaya zake zina kutu, na kompyuta zilizokosa umeme wa kutosha huandika misimbo (alama za hitilafu) mingi ambayo haina uhusiano wowote na ugonjwa wenyewe. Weka pia ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu astati: ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ardhi unahitaji kusafishwa au kubadilishwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sasa soma misimbo, na uiandike yote kwenye karatasi kabla ya kufuta hata mmoja. Herufi P huhusu injini na giaboksi, B bodi, C chesi pamoja na breki, na U mawasiliano kati ya kompyuta. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, mzigo wa injini. Fundi anayefuta haraka ili taa ya dashibodi izimike hupoteza ushahidi huo, na mimi nauona kuwa wa thamani kuliko msimbo wenyewe.

Nitoe mfano wa P0171, unaosema kwamba mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa inavyohitaji. Dereva mmoja anayesafiri kati ya Kisumu na Nakuru aliniletea gari ambalo lilikuwa limekwisha kubadilishwa sensa ya oksijeni, inayopima moshi wa injini, mara mbili kwa sababu ya msimbo huo, ingawa sensa ilikuwa ikieleza ukweli tu. Katika gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, tazama asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa juu sana, tuseme 20, injini ikinguruma bila kukanyagwa, kisha ikashuka unapofika mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Ikiwa ya kawaida gari likiwa limesimama, lakini ikapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, mafuta hayafiki ya kutosha. Picha iliyohifadhiwa ya gari hilo ilionyesha mzigo mkubwa na mwendo mdogo, yaani mlimani. Tulipopima presha ya petroli na kufungua tenki, tulikuta filta ya pampu imeziba kwa uchafu.

Kwa upande wa umeme, chukua P0118, unaoonyesha volti ya juu kwenye saketi ya sensa ya joto la maji, huku skana ikisoma nyuzi 40 chini ya sufuri. Chomoa plagi ya sensa, kisha uunganishe matundu yake mawili kwa kipande cha waya chenye fyuzi ndogo. Joto likiruka juu ghafla kwenye skana, nyaya na kompyuta ni nzima, kwa hivyo ubaya uko kwenye sensa. Lisipobadilika, sensa mpya haitasaidia; fuata waya uliokatika au pini iliyolegea. Jaribio hili ni la sensa za nyaya mbili pekee. Kwa P0301, yaani silinda ya kwanza kutowaka, badilishana koili yake, inayotoa umeme wa cheche, na ya silinda ya pili, na msimbo ukigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbaya.

Kuna jambo la huku kwetu la kukumbuka. Washa ufunguo bila kustati, usome sensa ya presha ya hewa kwenye bomba la kuingizia hewa. Mwongozo unaweza kusema takriban kilopaskali 101, lakini hiyo ni hewa ya pwani. Kisumu, iliyo kama mita 1,130 juu ya bahari, tarajia karibu 89, na Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, karibu 82. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa sababu hiyo.

Baada ya kutengeneza, futa misimbo na uliendeshe gari katika hali ile ile iliyoleta hitilafu. Kama ilitokea mlimani, panda kuelekea Mau Summit injini ikiwa imepata moto, kisha urudi usome misimbo inayosubiri kuthibitishwa, kwa kuwa hiyo huonekana kwenye skana kabla taa ya dashibodi haijawaka.