Ishushe hiyo picha ya Tingatinga

Kwa mliokwishanunua picha ya Tingatinga, ule mtindo wa Kitanzania wa kuchora wanyama kwa rangi kali, pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam: ishusheni. Sebule nyingi ninazoingia nakuta picha imetundikwa karibu na dari kama saa ya ukutani, na mgeni aliyekaa kwenye kochi hayaoni yale madoa ya chui ambayo mchoraji ameyapiga moja moja kwa brashi. Inaniuma, maana kazi yenyewe iko kwenye hayo madoa. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 kutoka sakafuni. Ikiwa juu ya kochi, acha sentimita 20 tu kati ya kochi na fremu.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alipoanza mwaka 1968, alichora kwa rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Rangi hiyo inang'aa. Ukiitundika mkabala na dirisha utaliona dirisha, picha hutaiona. Ipe ukuta wa pembeni.

Pwani kuna unyevu. Gundisha vipande viwili vya kizibo nyuma ya pembe za chini, hewa ipite. Mimi nilichelewa, nikakuta ukungu umetambaa mgongoni mwa picha niliyoipenda sana.

Vumbi ni kitambaa laini, kikavu. Thina usiiguse kabisa. Na ukihama na picha ya turubai, iviringishe rangi ikiwa upande wa nje, utangulize karatasi ya kuokea keki juu ya rangi, kwani kwenye joto rangi hii hunata.