Kwenda kazini kwa baiskeli Mwanza asubuhi baada ya mvua kubwa, hatua kwa hatua

Mvua za ziwani hupenda kuja usiku. Ziwa hubaki na joto wakati nchi kavu imeshapoa, pepo za pande zote hukutana juu ya maji, na mawingu ya radi hupanda. Ndiyo maana kwenye masika, Machi hadi Mei, na kwenye vuli, Oktoba hadi Desemba, mara nyingi kunakucha mvua ndiyo kwanza imekatika na wewe unatakiwa kazini saa mbili. Mwongozo huu ni wa asubuhi ya namna hiyo, kwa mtu anayetoka Buhongwa, Nyegezi, Igoma au Ilemela kwenda mjini kwa baiskeli yake.

Wengi huogopa maji na tope. Kwa Mwanza, ogopa mchanga kwanza. Vilima vyetu ni mawe ya granite, na mwamba huo ukichakaa hutoa mchanga wa punje kubwa zenye kingo kali. Mvua kubwa huuteremsha mpaka kwenye lami. Wewe utateleza juu yake, nao mchanga utakula breki zako, utasaga mnyororo, na mwisho utaingia kwenye gololi. Hatua nyingi hapa chini zinauhusu mchanga huo.

Hatua ya 1: Usitoke mapema mno

Radi ikiwa bado inanguruma, kaa ndani. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hasa kama njia yako inapita juu ya kilima. Kusubiri kuna faida nyingine: mawe hayanyonyi maji, kwa hiyo mvua ya mlimani inashuka yote kwa pamoja. Mto Mirongo na vijito vyake hujaa haraka, na mara nyingi hupungua haraka pia. Anayepita Mabatini ahesabu muda huo kama sehemu ya safari.

Hatua ya 2: Chagua njia ya magari

Siku ya kawaida njia za mkato ni nzuri. Baada ya mvua kubwa, shika barabara kuu: ya Kenyatta kwa wa Buhongwa, Nyegezi na Mkuyuni, ya Nyerere kwa wa Igoma na Nyakato, ya Makongoro kwa wa Ilemela na Pasiansi. Huko angalau unajua lami iko chini.

Barabara za mawe za kwenye miinuko zinahitaji tahadhari ya pekee. Mawe yaliyolainishwa na matairi yakilowa huteleza kama sabuni. Kupanda nayo unaweza. Kushuka nayo, kokota baiskeli.

Ukilazimika kupita udongo mweusi wa mbuga, ule wa mabondeni, usijaribu kuendesha juu yake. Hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakwama kabisa. Beba baiskeli begani, au pita kwenye majani. Kama ndiyo njia yako ya kila siku, legeza vishikio vya madigadi na uyapandishe hadi vidole viwili vipite kati yake na tairi.

Hatua ya 3: Upepo wa tairi

Kwa tairi za 26 x 1.95, shusha kutoka 50 PSI hadi kama 35. Tairi inakamata zaidi. Kwa baiskeli kubwa za tairi 28 x 1½ usishushe sana: tairi laini huzunguka juu ya rimu ya chuma iliyolowa, inaivuta tyubu, na valvu inakatika shingoni. Kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu na tairi ikaingia kidogo tu, inatosha.

Beba tyubu nzima ya akiba. Raba iliyolowa hukatwa kwa urahisi zaidi na vioo vilivyoteremshwa na maji, na kiraka hakishiki kwenye tyubu yenye unyevu, hata ukipaka solusheni mara tatu. Kama valvu zako ni zile za mpira mwembamba, weka na kipande cha mpira huo mfukoni.

Hatua ya 4: Breki

Hapa usiwe na haraka.

Baiskeli nyingi zinazobeba mizigo Kanda ya Ziwa zina breki za vyuma, yaani zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya, na rimu ya chuma iliyopakwa kromu. Kromu ikilowa, raba ya breki huteleza juu ya utando wa maji, na mizunguko ya kwanza ya gurudumu hupita bila baiskeli kupunguza mwendo hata kidogo. Kisha maji yakishafutika, breki inashika kwa ghafla. Watu wengi huanguka hapo: wanaminya kwa nguvu zote kwa kuwa breki haishiki, halafu inashika yote kwa mara moja wakiwa juu ya mchanga.

Dawa yake ni kukausha rimu kabla hujaihitaji breki. Mita 20 au 30 kabla ya mteremko au makutano, minya breki zote mbili kidogo sana, kiasi cha raba kugusa tu, huku ukiendelea kukanyaga. Utasikia mkwaruzo ukibadilika kutoka sauti laini ya maji hadi mkwaruzo mkavu. Huo mkwaruzo mkavu ndio breki yako. Ukivuka dimbwi jingine, anza upya.

Kabla ya kuondoka nyumbani, kagua mambo haya. Raba iwe mbali na rimu milimita 2 kwa breki za waya, milimita 3 kwa breki za vyuma. Ikizidi hapo, kwenye maji utaminya mpaka mwisho wa mkono kabla haijagusa. Kisha geuza uso wa raba uutazame kwenye mwanga. Utaona punje nyeupe za mchanga zimezama ndani yake, na kama rimu ni ya alumini, utaona pia vipande vidogo vinavyong'aa. Hivyo ni rimu yako, inaliwa. Vichokonoe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano au pini, halafu piga uso wa raba msasa mpaka ung'avu wote uondoke. Kazi yenyewe ni dakika kumi, na isipofanyika rimu ya alumini huanza kubonyea upande unaoguswa na raba. Pitisha ukucha kutoka ukingoni kuelekea chini. Ukucha ukizama kwenye bonde, rimu hiyo imekonda, na inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi. Badilisha.

Kama unanunua baiskeli kwa ajili ya miji yenye mvua, nashauri rimu za alumini bila kusita, maana zinakamata vizuri zaidi zikilowa. Breki ya kukanyaga nyuma ni nzuri kuliko zote kwenye maji, kwa sababu imefichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Zile baiskeli za mtumba kutoka Japani zenye breki ya mkanda gurudumu la nyuma ni afadhali pia, ila mkanda ukiingia maji hupiga kelele na kulegea mpaka ukauke. Na mwenye breki za vyuma anayeshuka kilima cha Bugando au Isamilo lami ikiwa imelowa, ashuke akokote. Sioni njia nyingine ya salama.

Hatua ya 5: Kupita juu ya mchanga

Utaukuta mdomoni mwa kila njia inayoshuka kutoka mlimani, umetandazwa kama upepeo wa mkono juu ya lami, mara nyingi kwenye kona. Punguza mwendo kabla hujaufikia. Ukishakuwa juu yake usiminye breki, usilaze baiskeli, usigeuze usukani. Shika usukani wima, acha gurudumu lizunguke. Ikibidi kabisa kupunguza, breki ya nyuma peke yake. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha, la mbele likiteleza umeshaanguka.

Mchanga uliokauka juu ya lami saa sita mchana ni mbaya kuliko wa asubuhi ulioshikana kwa maji. Kumbuka hilo wakati wa kurudi.

Hatua ya 6: Maji yaliyosimama na maji yanayokwenda

Kipimo unacho tayari: pedeli. Ikiwa chini kabisa huwa sentimita 11 au 12 kutoka ardhini. Maji yakifika kwenye pedeli ya chini, simama. Yakiwa yametulia na unaijua barabara, shuka ukokote. Yakiwa yanakwenda, rudi. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na baiskeli huyapa sehemu zaidi ya kusukuma.

Hatari kubwa ni mtaro usiouona. Mitaro yetu mingi iko wazi kando ya lami, na ikijaa, maji ya barabara na ya mtaro huwa kitu kimoja. Kaa katikati, mahali magari yanapopita. Subiri bodaboda au bajaji itangulie na uone maji yanafika wapi kwenye tairi yake, halafu fuata njia ileile.

Ukifika, osha miguu kwa maji safi na sabuni, hasa kama una kidonda. Maji ya mafuriko yamepita vyooni.

Hatua ya 7: Mzigo

Ndoo ya rangi ya lita 10 yenye mfuniko, imefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu. Nguo za kazini, simu na karatasi zote humo. Hakuna begi linaloishinda kwa bei.

Hatua ya 8: Jioni ileile, mnyororo

Usilaze baiskeli na mchanga wake. Mwagia maji kwa kopo kutoka juu. Usiipeleke kuoshwa kwa mashine ya magari. Presha ile husukuma mchanga ndani ya habu. Wala usiingie nayo ziwani kuiosha, kwa sababu kichocho huingia kupitia ngozi ukiwa umesimama tu kwenye maji ya ufukweni.

Sugua mnyororo kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, robo lita inatosha. Futa, acha ukauke. Kisha tone moja la oili safi ya injini, SAE 40, kwenye kila kiungo upande wa ndani. Mnyororo mzima hauzidi kijiko kimoja cha chai. Zungusha pedeli kinyume mara ishirini, halafu futa oili yote ya nje kwa kitambaa mpaka mnyororo uonekane mkavu. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Ya nje hukusanya mchanga tu.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, ambayo mafundi wengi hupaka bure, naikataa kabisa. Ina vumbi la chuma tayari, na ikichanganyika na mchanga wa granite inakuwa dawa ya kusagia meno ya gia. Pima uchakavu kwa rula: viungo 12 kamili, kutoka pini hadi pini, ni sentimita 30.5 mnyororo ukiwa mpya. Ukifika 30.8, badilisha kabla haujala gia.

Hatua ya 9: Gololi, kama ulizamisha habu

Ekseli ya gurudumu iko kama sentimita 33 hadi 35 kutoka ardhini, na ya pedeli, ile ya katikati ya fremu inayozungusha mikono ya pedeli, iko chini yake, kwenye 28 hivi. Kwa hiyo ya pedeli huzama kwanza. Chomoa siti na uipindue baiskeli. Maji yakimwagika kwenye bomba la siti, ekseli ya pedeli imelowa pia na inahitaji kufunguliwa.

Kwa habu, fungua gurudumu, tandika kitambaa cheupe, legeza koni, ile nati ya ekseli inayobana gololi, ya upande usio na gia. Tazama grisi. Ikiwa ya rangi yake, funga. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kutu itaanza ndani ya siku chache. Kwa kawaida habu ya mbele ina gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi 1/4. Zihesabu zinapotoka. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, kagua koni na vikombe vya habu ambamo gololi hukaa: ukiona vishimo, koni haifai tena. Gololi ni bei ndogo, weka mpya zote; ukichanganya mpya na kuukuu, zile kubwa ndizo zitabeba uzito wote.

Jaza kikombe grisi ya beringi za magari, panga gololi, rudisha koni. Kaza kwa vidole mpaka ekseli isitikisike, irudishe nyuma kidogo sana, chini ya robo mzunguko, halafu funga nati ya juu huku umeishikilia koni kwa spana nyembamba. Nati hiyo huikaza koni tena, kwa hiyo usishangae ukirudia mara tatu au nne. Habu ya mbele ina kipimo chake: inua gurudumu, weka valvu upande wa kulia, achia. Valvu ikishuka yenyewe hadi chini na kuyumba kabla ya kutulia, na rimu haichezi ukiitikisa kushoto na kulia, umepata. Rudia kipimo baada ya kilomita tano, kwa sababu grisi mpya ikishajipanga koni hulegea kidogo.