Jinsi ya Kujiandaa Kuondoa Sokoni Bechi Moja ya Siagi ya Karanga

Mwaka jana nilimsaidia dada mmoja wa Dodoma ambaye majibu ya maabara yalionyesha kuwa siagi yake ya karanga ilikuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu (aflatoksini), kupita kiwango. Kwa kuwa makopo yake hayakuwa na namba ya bechi, yaani ya mzigo uliotengenezwa pamoja, tulilazimika kukusanya mzigo wa miezi miwili madukani, mzima na mbovu pamoja.

Hatua ya kwanza ni usajili. Chukua barua ya utambulisho SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kisha uende TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula.

Hatua ya pili ni kupembua karanga kwa mkono kabla ya kuzikaanga, ukitoa zilizosinyaa, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, kwa sababu moto wa kukaangia hauondoi sumukuvu kwa kiasi cha kutegemewa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya sumukuvu, na 5 kwa aina yake iliyo kali zaidi, iitwayo B1.

Hatua ya tatu, iliyotugharimu sisi, ni namba ya bechi. Wengi huandika tarehe ya kusaga wakadhani wamemaliza, ilhali siku moja unaweza kusaga karanga za wauzaji wawili. Kwangu mimi, bechi ni karanga za muuzaji mmoja zilizosagwa kati ya usafishaji mmoja wa mashine na unaofuata; usiposafisha, masalia ya jana huingia katika makopo ya leo na namba yako inakuwa pambo tu. Iandike namba kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kisha ingiza katika daftari namba hiyo, jina la aliyekuuzia karanga, idadi ya makopo, na kila duka lililopokea pamoja na simu yake. Wapo wanaosifu programu za kompyuta. Mimi napendelea kaunta buku, kwa sababu haizimiki umeme unapokatika na msaidizi yeyote anaweza kuijaza. Waangalie pia wenye maduka wanaopima siagi kwa kijiko kutoka kopo kubwa, kwani mnunuzi wao habaki na namba yoyote. Dada yule sasa hawauzii makopo makubwa kabisa.

Hatua ya nne, hifadhi kopo moja la kila bechi hadi baada ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Unapopeleka karanga kupimwa, chota kidogo kidogo sehemu nyingi za gunia, kwa kuwa sumukuvu haisambai sawasawa na konzi moja ya juu inaweza kukudanganya.

Hatua ya tano, majibu yakiwa mabaya, simamisha uuzaji siku hiyohiyo, wapigie simu wenye maduka walio katika daftari, uwaarifu TBS, na uyatenge makopo yaliyorudi hadi yateketezwe. Usiwauzie wafugaji kwa bei ya chini, kwa sababu ng'ombe aliyelishwa sumukuvu huipitisha katika maziwa.