Kupima machapisho na nukuu za mtafiti wa baiolojia ya molekuli

Anza na orodha ya makala. Makosa mengi huzaliwa hapa, kabla hata hujagusa hesabu. Ukiandika "Mwangi J" kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na baiolojia, utaletewa watu kadhaa kwa pamoja, na huenda mmoja wao tu ndiye unayemtafuta. Kama mtafiti ana namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, itafute hiyo ikifuatiwa na [auid]. Kama hana, tafuta jina pamoja na kila taasisi aliyopitia, kisha rudia kwa kila namna linavyoandikwa: herufi moja ya mwanzo, herufi mbili, jina la kabla ya ndoa. Makala usiyoiamini ifungue, usome anwani za waandishi.

Orodha iweke kwenye Excel: mwaka, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), aina ya makala (utafiti, mbinu au mapitio), nafasi yake kati ya waandishi, na idadi ya nukuu. Kazi iliyotoka kwanza bioRxiv, hifadhi ya matoleo ya awali, halafu ikaingia kwenye jarida ina DOI mbili, lakini ni kazi moja. Ipe mstari mmoja. Usijumlishe tu nukuu za matoleo yote mawili, kwa sababu makala nyingine huyataja yote na utaihesabu mara mbili.

Nukuu zote zichukue chanzo kimoja, na uandike tarehe. Google Scholar kwa kawaida hutoa idadi kubwa kuliko hifadhidata za nukuu za Scopus au Web of Science, kwa kuwa huhesabu pia tasnifu, ripoti na matoleo ya awali. Kuchukua kipimo cha h (idadi h ya makala ambazo kila moja ina nukuu h au zaidi) huku na jumla ya nukuu kule ni kuharibu kazi yote.

Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hupatikana hivi. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, tuseme 120, 64, 31, 18, 9, 7, 6, 3, 1, 0. Shuka huku ukilinganisha namba ya mstari na nukuu zake. Mstari wa 6 una nukuu 7, unafaa. Wa 7 una 6, haufai. Basi h ni 6. Makala zenye nukuu 10 au zaidi ni nne, kwa hiyo kipimo cha i10, ambacho ni idadi hiyo, ni 4.

Sasa ondoa nukuu alizojinukuu mwenyewe. Zikitoka mbili kwenye makala ya 6 na moja kwenye ya 7, zote zinabaki na 5, na h inashuka hadi 5. Nukuu tatu tu! Ndiyo maana h ndogo haifai kutenganisha watu wawili wanaokaribiana.

Aina ya makala ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Katika fani hii mbinu hunukuliwa kuliko ugunduzi. Makala ya Lowry na wenzake ya 1951 kuhusu kupima protini imepita nukuu 300,000. Ile ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA haifiki hata karibu, maana jambo likishaingia vitabuni watu huacha kulitajia chanzo. Mapitio nayo huvuta nukuu nyingi. Toa hesabu ya kila aina peke yake.

Nafasi ya jina nayo ina maana. Wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi ya maabara, wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Mtafiti mwenye makala 40 akiwa katikati ya waandishi 100 si sawa na mwenye 12 akiwa wa mwisho.

Kulinganisha fani na miaka, weka namba za PMID (namba za makala kwenye PubMed) kwenye iCite, zana ya NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani) ambayo ni bure. Itakupa RCR, uwiano wa nukuu za makala ukilinganishwa na fani na mwaka wake. Thamani ya 1.0 ni sawa na makala ya katikati miongoni mwa zilizofadhiliwa na NIH. Kipimo cha athari cha jarida (wastani wa nukuu kwa makala zake) kiache kabisa: ndani ya jarida lolote makala chache ndizo hubeba nukuu nyingi, na DORA, Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, linakataa kumpima mtu kwa jarida.

Hakikisha pia hakuna makala iliyofutwa na jarida. Huendelea kunukuliwa miaka mingi baadaye. Kisha andika matokeo hivi: "Scopus, tarehe fulani, makala 10, utafiti 7, mbinu 2, mapitio 1, wa kwanza 3, wa mwisho 4, h 6, bila kujinukuu 5."