Somo: Seva ya Linux ya nyumbani haibuti baada ya kugawa upya diski

Umebadilisha patisheni (sehemu za diski), ukaizima seva na kuiwasha, na sasa inakwama njiani. Mara nyingi mafaili yako ni mazima. Kilichoharibika ni anwani. UEFI (programu ya bodi inayoanzisha mashine, za zamani hutumia BIOS), GRUB (inayopakia Linux), initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia) na /etc/fstab (orodha ya diski za kupandisha, yaani kuunganishwa kwenye folda zake), kila kimoja kimehifadhi mahali patisheni ilipo, kwa namba au kwa UUID, kitambulisho chake cha kipekee. Ukifuta patisheni na kuunda nyingine, kumbukumbu hizo zinabaki zikielekeza mahali pasipokuwepo. Ndiyo maana nasisitiza: usiinstoli upya, na usiendeshe fsck (ukaguzi wa mfumo wa mafaili) kabla hujajua imekwama wapi.

Mifano inafuata Debian na Ubuntu, diski ni /dev/sda, patisheni ya EFI ni sda1 na mzizi (patisheni yenye mfumo wenyewe) ni sda2. Kwenye diski za NVMe soma nvme0n1p1 na nvme0n1p2.

Hatua ya 1: Soma imekwama wapi

Chomeka skrini na kibodi. SSH haitakufaa, kwa sababu hitilafu hizi hutokea kabla mtandao haujapanda.

Ukiona "No bootable device", au mashine ikikurudisha kwenye menyu ya BIOS, nenda hatua ya 4. Ukiona `grub rescue>` au `grub>`, nenda hatua ya 2. Ukiona "ALERT! UUID=... does not exist" na alama ya `(initramfs)`, kerneli (kiini cha Linux) imepanda lakini haioni mzizi: andika `blkid` hapo hapo, linganisha UUID, kisha nenda hatua ya 4. Ukiona "emergency mode", kosa liko kwenye fstab karibu kila mara. Nenda hatua ya 3.

Hatua ya 2: GRUB imepoteza njia

Andika `ls` upate orodha ya diski na patisheni, kisha jaribu moja moja, kwa mfano `ls (hd0,gpt2)/boot/grub`. "Unknown filesystem" maana yake siyo hiyo, endelea na inayofuata. Ukiipata:

    set root=(hd0,gpt2)
    set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
    insmod normal
    normal

Kama /boot ina patisheni yake, njia ni /grub, si /boot/grub. Hapo ndipo wengi hukwama. Kwenye alama ya `grub>` isiyo na neno rescue, inatosha kuandika `configfile (hd0,gpt2)/boot/grub/grub.cfg`.

Njia hii inakuingiza mara moja tu. Ukishaingia, endesha `grub-install` (kwenye BIOS ya zamani taja diski nzima, /dev/sda, si sda2) na `update-grub`, la sivyo utarudi pale pale.

Hatua ya 3: fstab

Systemd, inayoanzisha huduma za mfumo, husubiri sekunde 90 kwa kila diski isiyoonekana, halafu huacha kubuti. Ingiza nenosiri la root (msimamizi mkuu), kisha:

    mount -o remount,rw /
    lsblk -f
    nano /etc/fstab

Kubadilisha ukubwa wa patisheni hakubadilishi UUID ya mfumo wa mafaili, lakini `mkfs` na `mkswap` hutoa mpya. Kwa hiyo anza na mistari ya patisheni ulizofomati. Ukimaliza endesha `findmnt --verify`, irekebishe mpaka isilalamike, ndipo uwashe upya.

Diski za data ziwekee kwenye fstab `nofail,x-systemd.device-timeout=10s`, ili seva iendelee kubuti hata zisipoonekana. Seva isiyo na skrini haifai kukataa kupanda kwa sababu ya diski ya picha na filamu. Ila nofail ina hatari yake: diski isipopanda, huduma zitaandika kwenye folda tupu iliyo chini yake na kujaza mzizi. Zuia hilo kwa kuendesha `chattr +i` (hufunga folda isiandikwe) kwenye folda hiyo wakati diski haijapandishwa.

Hatua ya 4: Ingia kwa flashi

Buti kwa flashi ya Linux hai. Hakikisha imepanda kwa njia ile ile inayotumiwa na seva: kama ni UEFI, folda /sys/firmware/efi lazima iwepo. Endesha hizi ukiwa root, ili uingie ndani ya mfumo wa seva:

    mount /dev/sda2 /mnt
    mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
    for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
    chroot /mnt

Kama una /boot ya peke yake, ipandishe kabla ya EFI. Rekebisha fstab kwanza, kisha:

    grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
    update-initramfs -u -k all
    update-grub

Kama uliifuta patisheni ya EFI, unda nyingine ya aina EF00, uifomati kwa `mkfs.vfat -F 32`, na uandike UUID yake fupi kwenye fstab kabla ya kuipandisha. Kiingilio cha zamani ndani ya UEFI kinatumia PARTUUID (kitambulisho cha patisheni yenyewe, si cha mfumo wa mafaili) ya patisheni iliyofutwa, hivyo hakitaamka chenyewe. Grub-install huandika kipya. Bodi zinazosahau viingilio zisaidie kwa kuongeza `--removable`, ambayo huweka faili kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, Ubuntu yangu inaingia emergency mode lakini inasema akaunti ya root imefungwa. Natokaje?

Jibu: Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza `init=/bin/bash`, kisha Ctrl+X. Endesha `mount -o remount,rw /`, rekebisha fstab, andika `sync`, halafu `reboot -f`.

Swali: Yangu inabuti, ila inachelewa kama nusu dakika na kuandika "Gave up waiting for suspend/resume device".

Jibu: Ni swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya zamani. Fungua /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, weka `RESUME=none` (seva haina haja ya kulala), kisha `update-initramfs -u`.

Swali: Nilipunguza patisheni kabla ya kupunguza ext4 (mfumo wa mafaili ulio ndani yake). Sasa fsck inasema ukubwa wa mfumo wa mafaili ni mkubwa kuliko wa kifaa na inauliza "Abort?". Nijibu nini?

Jibu: Jibu y, ndugu, usiiruhusu iendelee. Rudisha patisheni kwenye ukubwa wa zamani, ianze sekta ile ile. Kama ulihifadhi jedwali kwa `sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt`, lirudishe kwa `sfdisk /dev/sda < jedwali.txt`. Baada ya hapo ndipo `e2fsck -f`. Ikiwa tayari umefomati patisheni mpya kwenye nafasi iliyobaki, kabla ya lolote nakili diski nzima kwa ddrescue, maana sehemu ya mwisho ya data huenda imeandikwa juu yake.

Swali: Na Raspberry Pi, ambayo haina GRUB?

Jibu: Angalia `root=PARTUUID=` ndani ya cmdline.txt. Kwa jedwali la patisheni la aina ya zamani, MBR, PARTUUID ni kitambulisho cha diski pamoja na namba ya patisheni, kwa hiyo ukiunda jedwali jipya inabadilika hata kama data umeirudisha yote. Chomeka kadi kwenye mashine nyingine, soma `blkid`, rekebisha cmdline.txt na fstab. Yaliyomo kwenye cmdline.txt lazima yabaki mstari mmoja.

Swali: grub-install inalalamika "no BIOS Boot Partition".

Jibu: Una GPT (jedwali la patisheni la kisasa) kwenye mashine inayobuti kwa BIOS. Unda patisheni ya MiB 1, aina ef02, usiifomati wala usiiweke kwenye fstab, kisha rudia `grub-install /dev/sda`.